Sura ya Sita: Kinachobaki Foleni Ikitawanyika

Tarehe 16 Januari 2021, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Kyambogo, mashariki mwa Kampala, Jaji Simon Byabakama, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais wa Uganda. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima tangu mkesha wa kupiga kura, na aliyetaka kulinganisha hesabu ya kituo chake na ile iliyosomwa Kyambogo hakuwa na njia ya haraka. Hata hivyo sheria ilikuwa imemwachia kitu. Ibara ya 68 ya Katiba inataka kura zihesabiwe palepale zilipopigwa, mgombea au wakala wake awepo, fomu ya matokeo itiwe saini, na kila upande ubaki na nakala. Hoja ya sura hii inasimama juu ya karatasi hiyo. Uchaguzi unaaminika kwa kadiri ya ushahidi unaobaki baada ya watu kwenda zao. Tukipima hivyo, namna ambayo Waganda wengi wanaiona salama kuliko zote, yaani kujipanga mstari nyuma ya mgombea, ndiyo dhaifu kuliko zote. Na namna inayotutia shaka, kura inayopigwa mbali na kituo, ina mengi ya kutufunza.

Chama tawala cha NRM kilitumia mstari katika kura za mchujo za wagombea ubunge tarehe 4 Septemba 2020, na kikarudia tarehe 17 Julai 2025. Serikali nayo ilitumia njia hiyohiyo kuwachagua wenyeviti wa vijiji Julai 2018. Sababu zinazotolewa zinaeleweka: mstari hauhitaji kuchapisha karatasi za kura, na kila mtu anaona kwa macho yake nani ana watu wengi. Lakini kuona kunadumu saa moja tu. Mstari ukishavunjika, kinachosafiri kwenda wilayani ni namba iliyoandikwa na msimamizi, na namba hiyo ikibadilishwa njiani hakuna sanduku la kufungua ili kuhesabu upya. Mchujo wa 2025 ulizaa mamia ya malalamiko mbele ya vyombo vya chama, na waamuzi hawakuwa na kura ya kuishika mkononi. Walikuwa na maneno ya upande huu dhidi ya maneno ya upande ule.

Wakenya waliyaonja haya mapema. Katika mchujo wa chama tawala cha KANU wa Februari 1988, ule ambao bado unaitwa mlolongo, mgombea aliyepata asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kushinda bila kwenda kwenye kura ya siri. Sehemu nyingi wananchi walishuhudia mwenye mstari mfupi akitangazwa mshindi mchana kweupe. Maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge walipinga waziwazi. Kamati iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ikasikiliza wananchi mwaka 1990, na mlolongo ukafutwa. Macho ya maelfu hayakumzuia msimamizi, kwa kuwa macho hayawekwi kwenye faili.

Tuangalie sasa upande wa pili wa dunia. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilipitisha mwaka 2019 sheria iliyomruhusu mpiga kura yeyote kupiga kura kwa posta bila kueleza sababu. Mtihani wa kwanza ulikuwa mchujo wa vyama uliosogezwa kutoka Aprili hadi 2 Juni 2020 kwa ajili ya korona. Takriban watu milioni 1.5 walipiga kura kwa posta. Karatasi ya kura huingia kwenye bahasha ya ndani isiyo na jina, kisha ya nje ambayo mpiga kura anaitia saini. Jina likishahakikiwa, bahasha hutenganishwa na siri hubaki siri. Kasoro zilionekana. Sheria haikuruhusu bahasha kufunguliwa kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi, na baadhi ya kaunti zikahesabu kwa zaidi ya wiki moja. Ucheleweshaji huo ni kero ya kweli, hasa mahali ambapo kila saa ya kungoja inazaa uvumi. Lakini karatasi zilikuwepo, kila moja ikiwa na njia inayofuatika.

Pingamizi zito linahusu kinachotokea kabla ya bahasha kufungwa. Nyumbani hakuna wakala: mume anaweza kumwamuru mke, na mpambe wa mgombea anaweza kupita akikusanya karatasi. Hilo limetokea. Katika uchaguzi wa madiwani wa Birmingham, Uingereza, mwaka 2004, kura za posta zilighushiwa kwa wingi, na mwaka uliofuata Jaji Richard Mawrey akafuta ushindi wa madiwani sita. Lakini wizi ule ulithibitishwa mahakamani, na baadaye sheria ikadai saini na tarehe ya kuzaliwa vilinganishwe. Wala mstari hauwezi kuwa kimbilio la mwenye kuogopa shinikizo. Mke anayesimama mbele ya mumewe, au mpangaji mbele ya mwenye nyumba, ameonyesha kura yake kwa kijiji kizima.

Pingamizi la pili nalikubali. Uganda haina barua zinazofika mlangoni. Wenye anwani ni wenye sanduku la posta, nao ni wachache. Kunakili mfumo wa Pennsylvania kungekuwa kuwapa kura wenye anwani na kuwanyima wengine. Hata hivyo mahitaji yapo, na Kyambogo yenyewe inayaonyesha. Mwanafunzi aliyeandikishwa Kasese hawezi kupiga kura Kampala. Muuguzi aliye zamu hawezi kuacha wodi. Chuo hiki, kilichoundwa mwaka 2003, kilirithi taasisi ya taifa ya elimu maalumu, na walimu wanaotoka hapo wanajua kwamba asiyeona, akipanga mstari, humtegemea mtu wa kumwambia yuko nyuma ya nani.

Mfano wa karibu zaidi wa kuwapa nafasi wasioweza kupiga kura siku ya kawaida, bila kutegemea posta, ni Zanzibar, ambako kura ya mapema ilitumika 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya wengine, kwa askari na watumishi wa uchaguzi. Chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo kiliipinga kikihofia wizi, na mgombea wake wa urais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, akakamatwa siku hiyohiyo. Hofu ya chama hicho inafundisha: siku ya ziada bila mawakala wa pande zote, bila orodha iliyotangazwa ya wanaostahili, na bila masanduku kulindwa usiku kucha mbele ya mashahidi, ni mlango wa shaka. Masharti hayo yanawezekana Uganda, kwa kuwa Ibara ya 68 tayari inampa wakala haki ya kuwepo na kubaki na nakala.

Kwa hiyo vyama viache mstari katika mchujo wao na virudi kwenye karatasi ya siri, hata kama gharama itapanda. Na Bunge, ambalo Ibara ya 59 inalitaka kutunga sheria ya kuwawezesha wenye ulemavu kujiandikisha na kupiga kura, liongeze kura ya mapema kwa masharti hayo matatu, lianze na wanafunzi, wauguzi na wasioona, na matokeo yao yabandikwe mlangoni mwa kituo kabla hayajapelekwa popote.