Diski ya mtandaoni ikigoma kufomatiwa, jaribio la pili ndilo la hatari

Duka linaweza kuwa Bujora, karibu na Kisesa, na diski inayobeba hesabu zake ikawa ndani ya seva mjini Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo. Mpango huo una faida, kwani mwizi akivunja duka havikuti vitabu. Kasoro yake hujitokeza siku ya kufomati diski mpya: kazi hufika nusu, husimama, kisha skrini huandika kwamba imeshindikana.

Wengi hubonyeza tena papo hapo. Hapo ndipo hasara huanzia, maana diski za mtandaoni hufanana sana kwenye skrini, na inayofutwa katika jaribio la pili huenda ikawa ile yenye mauzo ya mwaka mzima. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na kusema kwamba kompyuta imezifuta si kinga.

Jambo la kwanza ni kujua kilichounganishwa ni kitu gani. Kama ni folda ya pamoja, haifomatiwi kabisa kutoka dukani. Mwenye seva amekwisha kuifomati, na mteja amepewa chumba tu ndani ya ghala la mwenzake. Kama ni diski kamili inayoletwa kwa njia ya mtandao, hasa kwa utaratibu wa iSCSI uliochapishwa mwaka 2004, kompyuta huiona kama diski yake yenyewe na huweza kuifomati. Tofauti ni kwamba kila amri hupita kwenye kebo na swichi, na waya uliolegea hukatisha kazi katikati.

Muda nao huwadanganya watu. Kufomati kwa haraka huandika kurasa chache za mwanzo, kama kupanga faharasa ya daftari tupu. Kufomati kamili kwenye Windows, tangu toleo la Vista, huandika sifuri diski nzima. Diski ya terabaiti 1 kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde huhitaji saa 22 hivi, hata kama hakuna mwingine anayetumia laini. Kwenye gigabiti 1 ni zaidi ya saa 2. Kwa laini ya intaneti ya megabiti 10 ni siku 9 na ushei, na ni nani atakayekaa siku 9 bila umeme kukatika? Kwa hiyo baadhi ya yanayoitwa maharibiko ni subira iliyokwisha tu. Diski ya mbali ifomatiwe kwa haraka.

Umeme unastahili neno lake. Ofisi nyingi huweka betri ya akiba kwenye kompyuta na kuisahau swichi iliyo chini ya meza. Umeme ukikatika, kompyuta hubaki inawaka lakini diski imekwisha kupotea. Betri ibebe njia nzima, yaani kompyuta, swichi na seva.

Kosa linalowasumbua hata mafundi ni lile la ukubwa wa vifurushi vya data. Kawaida kifurushi hubeba baiti 1,500. Fundi anayetaka kasi huongeza hadi 9,000 kwenye kompyuta na kwenye seva, akaiacha swichi ya katikati kama ilivyokuwa. Amri ndogo hupita, kwa hiyo diski huonekana na hata ukubwa wake husomeka vizuri. Kufomati kukianza, mizigo mikubwa hutupwa njiani na kazi hukwama. Kipimo chake ni kutuma ping ya baiti 8,972 iliyokatazwa kugawanywa. Isipofika, wote warudi kwenye 1,500. Kasi itapungua kidogo, kazi itakwisha.

Seva nayo yaweza kuwa chanzo. Diski iliyofunguliwa kwa kusoma tu haifomatiki. Nyingine imeahidiwa terabaiti 2 wakati seva ina nusu yake, sawa na mtu aliyeuza magunia ambayo hayamo ghalani, na upungufu hujulikana wakati wa kupakia. Diski inayozidi terabaiti 2 hudai jedwali la GPT badala ya MBR ya zamani. Kwenye Linux, kufomati huanza kwa kuiambia seva iachilie nafasi yote, na seva nyingine hukwama hapo. Amri hiyo huzimwa kwa -K kwenye XFS, na kwa -E nodiscard kwenye ext4.

La hatari kuliko yote ni kompyuta mbili kushika diski moja kwa wakati mmoja. Diski ya kawaida haijui kusuluhisha wateja wawili, kila mmoja huandika juu ya mwenzake. Karani wa ghala la dagaa Kirumba na mhasibu wa mjini wakihitaji faili zilezile, watumie folda ya pamoja, siyo diski hiyo.

Fundi akiitwa, aanze kwa kulinganisha namba ya diski kwenye seva na ile inayoonekana dukani, kisha asome kumbukumbu za makosa kabla ya kugusa kitu. Baadaye atengeneze diski ndogo ya gigabaiti 1 kwenye seva ileile na kuifomati. Ikikubali, tatizo limo katika ukubwa au nafasi. Ikikataa, limo njiani au katika ruhusa.

Na kama diski yenye hesabu imefutwa kwa haraka, isiandikwe chochote. Mara nyingi data bado imo, isipokuwa pale seva ilipokwisha kuachilia nafasi. Mwenye nakala hana haja ya bahati hiyo, ilimradi moja iko dukani kwake: tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ya Tanzania ikayumba, na data iliyokaa ng'ambo peke yake ikawa ngumu kufikiwa.