Mazoezi ya Kijana Mnene: Makali au ya Wastani?

Mafuta ya tumboni hayatulii. Humwaga damuni kemikali zinazoiweka kinga ya mwili vitani pasipo adui. Hali hiyo, iitwayo inflamesheni, huchochea kisukari na maradhi ya moyo. Mazoezi ya kudumu huipunguza. Ila kijana mnene akianza kwa mbio kali, inflamesheni huweza kupanda kwa muda, misuli ikamuuma, naye akaacha.

Shirika la Afya Duniani lapendekeza, kwa watu wazima, angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani: pumzi yaenda mbio, mazungumzo yawezekana, kuimba hakuwezekani. Makali yangoje mwili uzoee. Nao mabinti tusiwanyime kwa kisingizio cha stara; baada ya Alasiri, mama na bintiye, kwa buibui na raba, watembee nusu saa, siku tano.