Lualaba: Mashine ya kufulia ya kisasa yakutana na umeme na maji ya Kolwezi

Jioni, zamu ya mgodini inapoisha na mabasi yanaposhusha wafanyakazi kandokando ya barabara za Kolwezi, vumbi la machimbo linaingia nyumbani pamoja na nguo za kazi. Wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, vumbi hilo jekundu linaingia hata kwenye mishono na mifuko. Kwa miaka mingi kazi ya kulitoa imebebwa na mikono ya wamama, beseni, sabuni na bidoni za maji.

Familia zenye mshahara wa kampuni sasa zinatafuta mashine ya kufulia. Dukani, mashine mpya inasifiwa kwa mambo mawili: inatumia maji kidogo na umeme kidogo. Lakini ikishafika nyumbani, malalamiko yanaanza. Inafua kwa saa tatu. Inasimama katikati. Mlango unakataa kufunguka na nguo ziko ndani ya maji. Wakati huo huo, mashine ya zamani ya okazio, au ile ya matangi mawili inayojazwa kwa ndoo, inaendelea na kazi kwa jirani.

Je, kosa ni la mashine? Jibu linategemea sana mahali mashine ilipotengenezewa na mahali inapotumikia.

Maji kidogo, saa nyingi

Mashine za zamani zenye mlango wa juu, zenye nguzo ya kukoroga nguo katikati, zilitumia hadi lita 150 kwa mzigo mmoja. Mashine mpya yenye mlango wa mbele mara nyingi inatumia lita 40 mpaka 60. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Marekani na Umoja wa Ulaya ziliweka sheria zinazolazimisha viwanda kupunguza maji na umeme, na kila mara sheria zilipokazwa, viwanda vilibadilisha mashine.

Mwaka 1959, Herbert Sinner, mtaalamu wa kemia wa kampuni ya Henkel ya Ujerumani, alieleza kwamba usafi unatoka kwa vitu vinne: sabuni, joto, msuguano na muda. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Kuchemsha maji ndiko kunakokula umeme mwingi katika mashine, kwa hiyo programu ya kubana matumizi inapunguza joto na kuongeza muda. Ndiyo sababu inaweza kupita saa tatu. Mashine haijaharibika; inafanya kile ilichotengenezewa.

Hata Marekani na Ulaya wateja walilalamika: nguo hazisuuziki vizuri, raba ya mlango inaota ukungu, ufuaji hauishi. Lakini kule umeme uko saa 24 na maji yanatoka bombani kwa nguvu. Kolwezi, saa tatu ni muda mrefu wa kungojea umeme usikatike.

Umeme unapokatika katikati

Kolwezi ni mji ambao umeme unafika kutoka mbali. Laini kubwa ya Inga, yenye urefu wa kilomita 1.700 hivi, ilianza kazi mwaka 1982 na inaishia hapa, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Karibu na mji kuna mabwawa ya Nzilo na Nseke ya miaka ya 1950, na sasa Busanga yenye megawati 240, yote kwenye mto Lualaba. Hata hivyo umeme hautoshi. Migodi inanunua mwingine kutoka Zambia na kuwasha jenereta, na mitaa inaishi na delestaji. Katika nchi nzima, ni kama mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme.

Hapo ndipo mashine ya zamani inaonyesha nguvu yake. Kitufe chake cha kuzungusha kinaendeshwa na meno. Umeme ukikatika, kinabaki pale kilipokuwa. Ukirudi, kazi inaendelea. Mashine mpya inaongozwa na kadi elektroniki. Nyingine zinakumbuka zilipoishia, nyingine zinarudi mwanzo, na mzigo wa saa tatu unaanza tena. Kama maji yamebaki ndani, mlango unabaki umefungwa. Njia ya kuyatoa ni kifuniko kidogo cha chujio, chini upande wa mbele, lakini wengi hawajakifungua hata siku moja.

Hatari kubwa zaidi ni wakati umeme unaporudi. Mara nyingi unarudi kwa kishindo, ukipita volti 220, na kadi inaungua. Mashine ya zamani ikiharibika, fundi wa mtaa anabadilisha mkanda au makaa ya mota na inazunguka tena. Kadi iliyoungua inahitaji nyingine ya namna ileile. Umoja wa Ulaya, tangu mwezi wa tatu 2021, unalazimisha viwanda kuweka vipuri vya mashine za kufulia kwa miaka 10, lakini sheria hiyo haifiki Kolwezi.

Tangi la mita tatu

Tatizo la maji linajulikana kidogo zaidi. Vitabu vya mashine nyingi mpya vinaomba presha isiyopungua bar 0,3 au 0,5. Nyumba nyingi, kwa sababu maji ya REGIDESO hayatoki kila saa, zimeweka tangi juu ya nguzo. Kila mita 10 za kimo zinatoa bar 1. Tangi likiwa mita tatu juu ya bomba la mashine, presha ni bar 0,3 tu, na ikiwa tangi limebakia na maji kidogo au bomba ni jembamba, inashuka zaidi. Mashine inangoja maji, inachoka, inaandika alama ya kosa na kusimama. Mwenyewe anaita fundi kwa mashine ambayo ni nzima.

Mashine ya matangi mawili haina shida hiyo. Inajazwa kwa ndoo, na maji yaleyale yanaweza kufua nguo nyeupe kwanza, kisha za rangi, mwishoni za kazi. Kwa namna hiyo, mashine inayoitwa ya kizamani inaweza kubana maji vizuri, mradi kuna mtu wa kusimama karibu nayo.

Vumbi si uchafu wa kawaida

Kwa familia za wachimbaji, jambo hili linagusa pia afya. Mwaka 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba wakaaji wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuka machimbo, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa jirani, na watoto ndio waliokuwa nayo zaidi. Vumbi lilitajwa kuwa moja ya njia zake.

Mashine mpya inapima uzito wa nguo na kuchagua maji yenyewe, lakini mara nyingi haijui kama mzigo umejaa udongo. Ndiyo maana nguo za mgodini zinahitaji kukung'utwa nje, mbali na watoto, kufuliwa peke yake bila kujaza mashine, na kupewa suuzo la ziada. Sabuni nayo ina neno. Ile ya unga ya kufulia kwa mikono inatoa povu jingi. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu linazuia nguo kusuguana, na mashine inaongeza masuuzo na dakika. Inafaa sabuni ya povu dogo, au kipimo kidogo sana.

Kabla ya kutoa pesa

Mwenye kununua anaweza kuuliza mambo machache dukani: presha ya chini ni ngapi, mashine inakumbuka ilipoishia umeme ukikatika, na kadi yake inapatikana Kolwezi au Lubumbashi? Programu ya dakika 30 hadi 60 ina nafasi nzuri zaidi ya kumaliza kabla ya delestaji kuliko ile ya saa tatu, ingawa inakula umeme zaidi kwa nguo zilezile ikiwa inachemsha maji. Kifaa cha kusawazisha volti kinalinda kadi, na pampu ndogo inaondoa shida ya presha, lakini vyote viwili vinaongeza bei.

Mwenye nyumba isiyo na hivyo vyote, yenye tangi la chini na umeme wa kukatika, atafua nguo nyingi zaidi kwa matangi mawili na ndoo. Na beseni la mama litabaki karibu, kwa siku ambayo umeme hautarudi.