Upepo wa breki kujaza tairi njiani: Dereva azingatie nini?

DEREVA wa lori au basi ambaye tairi lake limepungua upepo kati ya Bunda na njia panda ya Makutano, Butiama, mbali na mafundi wa Musoma, huwa amebeba upepo mwingine: ule wa breki.

Kompresa inayoendeshwa na injini hujaza mitungi hadi paundi 120 hivi. Bomba la mpira likiunganishwa na mtungi, upepo huelekea tairini. Hata hivyo, tairi haliwezi kuuzidi mtungi. Kwa hiyo lori lenye shehena, ambalo matairi yake huhitaji takriban kiasi hicho hicho, litapata upepo wa kulifikisha mjini taratibu tu.

Hatari kubwa ni breki zenyewe. Upepo ukishuka chini ya paundi 60 hivi, kengele humwonya dereva; ukizidi kushuka, springi huyakaza magurudumu. Injini iendelee kunguruma, na gari lisiondoke kabla geji haijapanda.

Tairi lililoburuzwa likiwa tupu lisijazwe kabisa: nyuzi zake huenda zimekatika, nalo laweza kumlipukia anayelijaza. Mwenye gari dogo anayeomba upepo wa lori aje na geji yake, maana tairi lake hutosheka kwa paundi 30 hivi.