Hesi za Injini za Zamani: Kupata Kizibo Kinacholingana

Chama cha msingi kilicho mbali na mji, kama kule Titye, kikiwa na Land Rover ya miaka ya 1950 au 1960, hakipati hasara kwa kuharibika vipuri vikubwa peke yake. Kizibo cha oili chenye hesi isiyolingana chatosha kuimwaga oili yote katika njia ya Kasulu, injini ikakwama, na maharage ya wanachama yakabaki garini. Yafaa basi katibu alifahamu jambo hili kabla hajaidhinisha ununuzi.

Hesi, yaani meno yanayoizunguka skrubu, hutambulika kwa unene wa skrubu, idadi ya meno katika inchi moja, na pembe ya meno hayo. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza pembe ya digrii 55. Marekani baadaye ikachagua 60. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya hesi moja ya inchi yenye digrii 60, lakini viwanda havikubadilika kwa siku moja. Ndiyo maana injini moja ya Kiingereza yaweza kuchanganya hesi za aina mbili. Plagi za cheche nazo zina desturi yake: hata katika injini yenye bolti za inchi, plagi kwa kawaida ni ya milimeta 14.

Udanganyifu mkubwa umo katika viungo vya mabomba. Hesi ya bomba ya Kiingereza ya thumuni inchi ina meno 28 kwa inchi, ya Kimarekani 27. Kiungo huzunguka mara mbili tatu kwa mkono, kikaonekana kimekubali. Fundi mwenye haraka humalizia kwa spana, na chuma kikayala meno ya alumini. Kwa nusu inchi mtego ni mbaya zaidi, kwani zote mbili zina meno 14 na hutofautiana pembe: kiungo huingia, kisha huvuja. Wala jina lisimpoteze mnunuzi. Hesi hiyo iitwayo ya nusu inchi, ikipimwa kwa nje, hukaribia milimeta 21.

Anayetumwa mjini apewe kizibo chenyewe cha zamani, kikiwa kimesafishwa kwa mafuta ya taa, si maelezo ya mdomo. Dukani ayalaze meno ya kile cha zamani juu ya meno ya kipya, ayatazame kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, akirudishe. Plagi ya cheche ipimwe pia urefu wa sehemu yenye hesi: ya milimeta 19 ikitiwa mahali pa milimeta 12.7 yaweza kugongwa na pistoni.

Kizibo cha oili chenye washa kizungushwe kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Kikikaza mapema, kitolewe. Tundu lililokwisha kuharibika lisijazwe gundi. Fundi mchongaji aweza kulipanua na kulikata hesi mpya, na kipimo alichochagua kiandikwe katika daftari la gari, ili katibu ajaye asianze kutafuta upya.