Raga Katika Skuli Zetu (Sehemu ya Nne): Kanuni za Wavulana na Uwanja wa Matiliku

Wasomaji waliofuatana nami tangu makala ya kwanza watakumbuka kwamba tuliagana kwenye mlango wa skramu, wale wanane wa mbele wameinamiana na wale wanane wa upande wa pili, na kwamba niliahidi kuieleza sasa kanuni ya kuotea, ambayo ndiyo inayowatatiza wazazi wengi wanaokuja kutazama. Ahadi hiyo naomba niiahirishe. Limezuka jambo ambalo, kwa mtu aliyeupenda mchezo huu miaka arubaini, haliwezi kungoja: Januari ya mwaka huu wa 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya 10, wakakuta njia tatu zimefunguliwa mbele yao, ya sayansi, ya ilmu za jamii, na ya tatu iitwayo Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hesabu iliyotajwa na wapangaji tangu mwanzo ni kwamba yamkini asilimia 60 watafuata sayansi, 25 ilmu za jamii, na 15 hiyo ya tatu. Maana yake ni kwamba mchezo, ambao tangu zamani ulikuwa ukipewa saa iliyobaki baada ya kazi zote kwisha, sasa una kitabu chake na mtihani wake.

Nilifurahi niliposikia, kisha nikaingiwa na khofu, na hiyo khofu ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Mwezi wa Februari nilipita Matiliku, huko Makueni, kwa shughuli zangu. Mahali penyewe hapako mbali na reli: msafiri atokaye Mombasa hushuka Emali, kabla ya kituo kile kilichopewa jina la Sultan Hamud wa Unguja, aliyetawala tangu 1896 hata 1902, akaingia bara mwenyewe kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa (nasi watu wa pwani hatuchoki kuwakumbusha majirani zetu wa Ukambani jambo hili, wala wao hawachoki kucheka). Saa kumi alasiri, jua bado kali, niliwaona wavulana wapatao thalathini, wengine wana viatu na wengine hawana, wakifanya mazoezi ya raga juu ya udongo mwekundu uliokauka hata ukalia chini ya miguu kama sufuria. Mwalimu hakuwapo. Kijana mmoja, mrefu, mwenye sauti ya kukwama kidogo, ndiye aliyekuwa akiwapanga, akiwasimamisha na kuwarudisha. Na walipogombana wawili juu ya nani aliyeupeleka mpira mbele kwa mkono, yeye ndiye aliyekata shauri, nao wakatii. Nilisimama pale hata jua likatua, na kwa kweli nilijiona nimesimama mahali pengine, katika mwaka wa 1845.

Naam, 1845. Kila mtu anayejua chochote juu ya raga anajua ile hadithi ya William Webb Ellis, mwanafunzi wa skuli ya Rugby huko Uingereza, ambaye inasemwa mwaka wa 1823 aliuokota mpira kwa mikono akakimbia nao, kinyume cha kanuni za siku zile. Kikombe cha dunia kimepewa jina lake. Lakini hadithi hiyo haina shahidi: Ellis mwenyewe alikufa 1872 bila ya kudai kitu, na ilikuwa mwaka wa 1876 ndipo mtu mwingine, ambaye wala hakuwapo uwanjani, alipoanza kuisimulia hadharani. Watu hupenda mchezo uwe na baba mmoja, kama vile kila mji wa pwani unavyotaka kuwa na Mshirazi wake aliyefika kwa jahazi. Mimi sina haja na Ellis. Ninaowataka ni vijana watatu, William Arnold, Walter Shirley na Frederick Hutchins, wanafunzi wa skuli ile ile, ambao katika Agosti 1845 walikaa chini wakaandika kanuni 37 za mpira wa skuli yao, kisha wenzao wakubwa wakazikubali katika baraza lao tarehe 28 ya mwezi huo. Na hizo ndizo kanuni za kwanza za raga kuwahi kuandikwa. Hapakuwa na wizara wala shirikisho, na mwalimu mkuu hakuishika kalamu. Arnold alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu mashuhuri Thomas Arnold, aliyekwisha kufariki miaka mitatu kabla, naye hakuwa zaidi ya umri wa miaka 17.

Msomaji na anitazame hapa kwa makini, kwa sababu hili ndilo ninalolishikilia: mchezo huu haukutungwa na wakubwa ukateremshwa kwa watoto. Ulitungwa na watoto ukapandishwa kwa wakubwa, hata mwaka wa 1871 vilabu 21 vilipokutana London kuunda chama chao, walikuwa wakijadili, wenye ndevu zao na saa zao za mnyororo, mambo ambayo wavulana walikwisha kuyaamua miaka 26 nyuma. Hata neno *trai*, ambalo vijana wetu hulipiga kelele bila ya kulifikiri, ni ukumbusho wa mashauri yao: zamani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa adui hakukuwa na alama hata moja, ila kulimpa mtu ruhusa ya kujaribu kupiga mkwaju golini, ndiyo maana likaitwa jaribio. Leo jaribio lina alama 5, tangu 1992, na mkwaju unaofuata una 2 tu. Kilichokuwa mlango kimekuwa nyumba, na nyumba imekuwa kibanda cha uani.

Kuhusu umbo la mpira nimeulizwa mara nyingi na wasomaji, basi na niwajibu hapa ijapokuwa nje ya njia. Mpira ule ni kama yai kwa sababu ndani yake palikuwa na kibofu cha nguruwe, na kibofu hufuata umbo lake (msomaji Mwislamu asitishike, tangu miaka ya 1860 kilibadilishwa kikawa cha mpira safi). Husimuliwa kwamba mke wa fundi viatu mmoja wa mji wa Rugby, Richard Lindon, ndiye aliyekuwa akivipuliza vibofu kwa kinywa, akapata maradhi ya mapafu akafa, na kwamba mumewe ndipo akatafuta namna nyingine. Huyo mama hana kikombe kilichopewa jina lake.

Turejee kwetu. Raga iliingia Kenya pamoja na masetla na maofisa, na kwa muda mrefu ilikaa nao kama kiti cha mwenye nyumba ambacho mgeni haambiwi asikikalie lakini hakikalii. Mabaharia wa manowari ya Enterprise walitoa kikombe mwaka wa 1928, nacho kinashindaniwa hata leo. Skuli ya Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, na baadaye ile ya Duke of York, sasa Lenana, zilifundisha mchezo huu kwa wavulana wa Kizungu peke yao. Septemba 1955 timu ya British Lions, ikirejea kwao kutoka Afrika ya Kusini, ilitua Nairobi ikacheza na timu ya Afrika Mashariki katika uwanja mpya wa barabara ya Ngong, ikashinda alama 39 kwa 12. Nimewahi kuwasikia wazee wakiisifu mechi ile kwa ladha kubwa. Ni haki yao. Lakini ilikuwa ndani ya Hali ya Hatari, na Mwafrika aliyetaka kutembea katika mji ule ule siku ile ile alihitaji karatasi mfukoni. Na kijana wa Matiliku, lau angefika pale, angefika kuokota mipira iliyotoka nje. Milango ya skuli zile ilifunguliwa kwa Waafrika katika miaka ya mwanzo ya 1960, na mwaka wa 1977 ndipo zilipozaliwa klabu ya Mwamba na ile timu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mean Machine, na hapo mchezo ukapata wenyewe wapya. Kutoka 1977 mpaka tarehe 17 Aprili 2016, siku Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, chini ya nahodha Andrew Amonde na mwalimu Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu, walipowafunga Fiji 30 kwa 7 kule Singapore na kulitwaa kombe, ni miaka 39. Si mingi. Mchezo uliotoka katika uwanja wa skuli za watu wachache ulirudi katika viwanja vya skuli za watu wengi, Kakamega, Yala, Maseno, hata ukafika kwenye udongo mwekundu wa Makueni, ambako hakuna aliyeualika wala aliyeukataza.

Sasa hiyo khofu yangu. Kitu kilichoingia darasani huja na mtahini, na mtahini ana kawaida ya kupima kile kinachopimika. Atauliza urefu wa uwanja, atauliza misuli ya paja, na mwanafunzi atajibu vizuri apate alama. Lakini yule kijana mrefu wa sauti ya kukwama, aliyewaamua wenzake wawili bila ya kupiga kelele, ataandikiwa nini? Nimeona, katika miaka hii, skuli zinazoitafuta sifa kwa kuwachukua wachezaji wa skuli nyingine waliokwisha kukomaa, zikawatia sare mpya mwezi mmoja kabla ya mashindano, na wale waliochezea timu tangu kidato cha kwanza wakakaa nje kutazama. Timu ya namna hiyo huweza kushinda. Ila imekodiwa, na mtu hajivunii nyumba ya kukodi. Niliwahi kusema hivi katika kikao cha wazazi, nikaambiwa kwa adabu kwamba nimepitwa na wakati, na huenda ni kweli.

Tena kuna jambo la msimu wenyewe, ambalo wapangaji wa mtaala wangelitazama mapema kuliko vitabu. Kwa desturi raga ya wachezaji 15 huchezwa muhula wa kwanza, na ile ya wachezaji saba huchezwa muhula wa pili. Vijana hufanya mazoezi tangu wiki ya kwanza ya Januari. Hula muthokoi na maharagwe kama wenzao wote, na mpishi akiwa mtu wa raga huwaongezea ukoko. Hurithi jezi za waliomaliza, zenye namba zilizoshonwa upya. Wenzao wasiocheza hutunga nyimbo za kuwashangilia, nazo nyimbo hizo huimbwa mabwenini hata na mtu asiyejua skramu ni nini. Kisha huenda kwenye mashindano ya zoni au ya kaunti ndogo, na kwa kuwa mashindano ni ya mtoano, timu nyingi huishia hapo, alasiri moja, kwa mkwaju mmoja uliogonga mwamba. Miezi miwili ya jasho kwa mechi mbili! Wachache huendelea hata kaunti, na eneo, na taifa. Walio wengi hurudi skuli jioni ile ile ndani ya lori, kimya. Mimi ningetaka kila skuli ipange na jirani zake mechi za kirafiki kila Jumamosi ya muhula, nyumbani na ugenini, pasipo kikombe, na manahodha wenyewe waandikiane barua za mialiko. Nauli ya kwenda skuli ya jirani si kitu mbele ya gharama tunazozitumia kwa mambo yasiyo na faida.

Nafasi imekwisha na sijasema neno juu ya ule udongo, ambao ndio nilioutaka kuusema tangu mwanzo. Mimi nilivunjika mtulinga nikiwa na miaka 16, katika skuli ambayo sitaitaja, kwa kuangushwa kihalali kabisa na mtu mwepesi kuliko mimi. Kilichonivunja hakikuwa yeye, kilikuwa ardhi. Januari na Februari, mvua za vuli zimekwisha na za masika hazijaja, udongo wa Makueni huwa mgumu kama sakafu ya saruji, na hapo ndipo tunapowaambia watoto wetu waangushane. Kanuni ya leo ni kwamba mchezaji yeyote anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe uwanjani wala asirudi siku hiyo. Ni kanuni njema, na kila nahodha aijue kwa moyo. Lakini haiulainishi uwanja.

Kinachoulainisha ni ukoka. Sisemi nyasi za kumwagiliwa kila siku, kwani mahali ambapo watoto hubeba maji kwa madumu itakuwa ni dhihaka kuyamwaga juu ya uwanja. Nasema ule ukoka wenyewe unaotambaa kando ya njia zote za Ukambani, unaokauka ukadhaniwa umekufa kisha ukafufuka kwa mvua moja. Wazee waliosoma katika skuli za pande zile, na mwenye trekta yeyote wa kutoka Emali hadi Wote, nawaomba: viwanja vilimwe Septemba, vipandwe vipande vya ukoka Oktoba wiki ya kwanza ya vuli, na mtu asivikanyage mpaka Januari.