Kulala Nairobi Bila Kutoboka Mfuko

Anayekwenda Nairobi kwa shughuli ya siku mbili tatu huuliza kwanza chumba ni pesa ngapi. Hilo liwe swali la pili. La kwanza ni hili: shughuli yako iko upande gani wa mji? Nairobi ni mji wa foleni, na nauli ya matatu haina bei moja. Alfajiri ni nyingine, saa sita mchana ni nyingine, na mvua ikianza jioni makanga anapandisha hapo hapo mlangoni, utake usitake. Chumba cha shilingi 1,500 upande wa pili wa mji kinaweza kukugharimu zaidi ya kile cha 2,500 kilicho jirani na unakokwenda.

Bei ninazotaja ni za shilingi za Kenya na ni za kukadiria tu. Piga simu uthibitishe kabla hujafunga mkoba.

Kama umekuja kununua mali Gikomba, Kamukunji, Nyamakima au Luthuli, lala katikati ya mji au Eastleigh. Lojingi za River Road, Accra Road na Latema ndizo rahisi kuliko zote, nyingi kati ya 1,000 na 2,000, na ofisi za mabasi ziko hatua chache. Ubaya wake ni kelele. Chumba kinachotazama barabarani kina muziki wa baa hadi usiku wa manane, na kabla usingizi haujakolea wapiga debe wameshaamka. Omba cha nyuma, ghorofa za juu, ila uliza kwanza kama lifti inafanya kazi, maana gunia la mitumba halipandi ngazi lenyewe. Eastleigh utaongeza mia chache, lakini hoteli zake nyingi hazina baa, chakula ni halali, na misikiti iko karibu. Mwenye mzigo na mtoto au mzazi mzee, mimi ningempeleka Eastleigh bila kufikiri mara mbili. Abebe viatu vya tope msimu wa mvua.

Aliyekuja na mgonjwa Hospitali ya Kenyatta au zile nyingine za Upper Hill ndiye anayeumia zaidi kwa kulala mbali. Wengi hujibanza kwa ndugu Rongai au Kitengela kwa sababu ni bure. Hebu tupige hesabu. Tuseme ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, shilingi 200 kwa mtu kila upande, nanyi ni wawili: hiyo ni 800 kwa siku. Siku mgonjwa akichoka, mtapanda teksi, na teksi moja ya kwenda Kitengela inameza nauli ya siku mbili au tatu. Juu ya hayo, mgeni haingii nyumba ya watu mikono mitupu: unga, sukari, nyama ya Jumapili. Chumba cha 2,000 karibu na Kenyatta Market kinakupa kutembea kwa miguu au bodaboda ya bei ndogo, na muda wa kupumzika mchana kati ya daktari na maabara. Kwa kliniki ya siku moja, nenda kwa ndugu. Kwa wiki nzima ya vipimo, lipa chumba, umtembelee ndugu Jumapili. Jembe la siku ya tatu halina mwenye kulipenda.

Mwenye miadi ubalozi wa Marekani, Gigiri, asilale River Road eti kwa sababu ndiko basi lilikomshusha. Gigiri kwenyewe ni ghali. Lakini ukiendelea na barabara ya Limuru kidogo tu unafika Ruaka, ambako fleti za kukodi kwa siku ni nyingi na bei iko chini sana kuliko ya Gigiri. Lala huko usiku mmoja wa kabla ya miadi, kisha rudi mjini kwenye chumba cha bei rahisi kwa siku zilizobaki. Kuhama chumba ni usumbufu, sikatai, ila ni nafuu kuliko teksi ya alfajiri na moyo wa kukimbizana na saa.

Wa ndege ya asubuhi, au wa treni ya SGR inayofika na kuondokea Syokimau, atazame Syokimau kwenyewe, Embakasi au South B. Akiita gari kwa simu aulize kama dereva atapitia barabara ya juu, ile ya kulipia iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ada yake ni ya abiria, na mara nyingi utaijua ukishafika.

Sasa tuje kwenye pesa zinazojificha, maana bei ya kwenye bango ni mlango tu.

Kubwa kuliko zote ni saa za kuingia. Basi la usiku kutoka Mombasa au Kisumu linakushusha saa kumi na moja alfajiri, na treni ya usiku hukufikisha kungali giza. Hoteli nyingi hutoa vyumba kuanzia saa nane mchana na hukutaka utoke saa nne asubuhi. Ukiingia alfajiri, wengine watakuhesabia usiku mzima wa ziada, wengine nusu, na wengine watakuacha usinzie mapokezini na begi miguuni. Kwa hiyo uliza kwa simu, kwa maneno haya haya: “Nikifika saa kumi na moja alfajiri Jumanne, nikatoka Alhamisi asubuhi, mnanihesabia siku ngapi?” Usikubali jibu la “njoo tu tutaongea.” Lojingi nyingi za River Road huhesabu siku kuanzia saa uliyoingia, au hupatana, na kwa msafiri wa usiku hilo pekee linaweza kufuta tofauti yote ya bei kati yake na hoteli nzuri zaidi.

Halafu kodi. Hoteli ikikupa bei “bila kodi,” ongeza VAT asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2. Chumba cha 3,000 kinakuwa 3,540 kabla hujanywa chai. Nyingine huweka na ada ya huduma. Uliza neno moja: bei ya mwisho? Ukitajiwa dola, omba shilingi. Viwango vya mapokezini havijawahi kumpendelea mgeni.

Chai ya asubuhi nayo ni pesa. Nyumba za wageni za makanisa, zilizo Upper Hill, Hurlingham na Lavington, huonekana ghali kwa 4,000 au 5,000, lakini mara nyingi chai nzito imo, maji ya moto yapo, geti lina mlinzi, na hawabagui dini. Pombe hakuna. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake ndizo ningezipigia simu mwanzo. Hujaa haraka wakati wa mahafali na mikutano, hivyo usingoje ufike mjini.

Fleti za kukodi kwa siku ndizo zenye mvuto zaidi na mitego zaidi. Kwa familia ya watu watano waliokuja mahafali, fleti ya vyumba viwili ya 5,000 ni 1,000 kwa kichwa, na mnapika wenyewe: hakuna lojingi itakayoshinda hapo. Kwa mtu mmoja wa usiku mmoja, hapana. Ada ya usafi hutozwa mara moja iwe unalala siku moja au kumi, na programu ya simu nayo huongeza ada yake mwisho kabisa, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kulipa. Uliza pia kama mtungi wa gesi una gesi, na tokeni za stima ananunua nani. Usimtumie mtu usiyemwona malipo yote kwa namba yake binafsi. Lipia nambari ya biashara, na sehemu kubwa uilipe ukishaingia. Januari 2024 wanawake waliuawa katika fleti za namna hii Nairobi, kwa hiyo jengo lisilo na askari wa getini wala daftari la wageni liache, hata likiwa nusu bei.

Popote utakapochagua, panda uone chumba kabla ya kulipa. Ingia bafuni. Ukikuta pipa la maji lililojaa na kopo juu yake, jua mgao wa maji unafika hapo. Si vibaya, angalau wamejiandaa. Swichi ya shawa ya moto mara nyingi iko nje ya mlango wa bafu na ina taa nyekundu: iwashe, fungua maji, hesabu hadi sitini. Yakibaki baridi, omba upunguziwe bei au ubadilishiwe chumba hapo hapo, kwa sababu ukishalipa fundi atakuwa “yuko njiani” mpaka unaondoka. Jaribu kitasa kwa ndani. Vuta shuka uone godoro.

Na kama ofisi itakurudishia pesa, uliza mapema kama wanatoa risiti ya eTIMS ya mamlaka ya kodi. Lojingi nyingi ndogo huandika kwa mkono kwenye kitabu cha risiti cha dukani, na mhasibu wako anaweza kuikataa. Hapo chumba cha 1,500 ulichokilipa mwenyewe kinakuwa ghali kuliko cha 3,540 ambacho ofisi ingekilipa.